Kwadi inaruka nyuma ya pikapu: nifungeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva, naishi Kisasa hapa Dodoma. Bosi wangu ana shamba upande wa Kondoa, na majuzi amenunua pikipiki mbili za matairi manne, yaani kwadi. Moja ni kubwa ya kazi, karatasi zake zinasema kilo 270. Nyingine ni ndogo ya watoto. Ile kubwa niliipakia kwenye Hilux ya milango minne. Iliingia kwa kusugua matao ya magurudumu, na matairi yake ya nyuma yakakaa juu ya mlango wa nyuma niliouacha wazi. Mbele nikafunga kamba ya manila, nyuma nikaweka mipira ya tyubu, na kijana wa shamba akakaa nayo kuishikilia. Hatujafika hata Makutupora, kijana akaanza kugonga kioo: kwadi inaruka. Tukarudi. Bosi sasa anauliza kama safari ijayo ile ndogo inaweza kupanda juu ya keria ya kubwa ili twende mara moja. Naomba unielekeze, na nijue pia kama kuacha mlango wazi ni sawa.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vyema kugeuza gari. Mbele yako kulikuwa na matuta ya Zanka, Mayamaya, Haneti na Chemba, na mzigo ambao umeshaanza kuruka pale Makutupora usingefika Haneti ukiwa umesimama.

Nianze na la bosi, ili apate jibu lake leo: hapana. Keria ya nyuma ya kwadi nyingi za kazi imetengenezwa kubeba chini ya kilo 100, ya mbele pungufu zaidi, na hesabu hiyo ni ya mzigo uliotulia, kama gunia au dumu la maji. Kwadi ya mtoto mkubwa yenyewe inakaribia kilo 100 au inazidi, ina matairi, ina springi zake. Ukiiweka juu ya nyingine, ndani ya pikapu ambayo nayo iko juu ya springi, utakuwa na ghorofa tatu zinazocheza kila moja kwa wakati wake. Ndogo iende safari yake.

Sasa tuje kwenye kubwa. Wengi wakiona mzigo umelegea hulaumu fundo, au hulaumu mwendo. Kwa kwadi, tatizo la kwanza ni springi zake. Jiweke nyuma ya pikapu inapovuka tuta. Matairi ya mbele yanapanda, yanashuka. Kisha ya nyuma yanapanda, na bodi zima linatupwa juu. Linaporudi chini ghafla, kwadi inabaki hewani kidogo, halafu inadondokea kwenye shokapu zake na kuzama, wakati mwingine sentimita tano, nane. Kama umeifunga kwenye keria au usukani, katika ule mzamo kamba yako haina kazi: imelegea. Kulabu iliyokuwa imekaza kwenye pete inaning'inia, inateleza pembeni, inatoka. Kisha springi zinasukuma kwadi juu tena, na safari hii hakuna kinachoizuia. Hayo yote yanatokea kabla hujaingiza gia ya pili. Ndiyo maana ukisimama na kukagua unakuta kamba moja imetoka, na unaapa kwamba uliikaza mwenyewe.

Mpira wa tyubu unaongeza tatizo, maana nao ni springi. Unafaa gunia la mkaa kwenye baiskeli kwa sababu gunia halirukiruki lenyewe. Manila nayo, hasa ikiwa mpya, inavutika, inateleza kwenye fundo, na huna namna ya kuikaza zaidi bila kuifungua yote. Vyote viwili viache nyumbani.

Na yule kijana usimrudishe nyuma. Kanuni za kufunga mizigo za Ulaya na za Marekani zinakubaliana kwenye hesabu moja: ufungaji lazima uweze kuzuia nguvu ya kwenda mbele sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na ya kwenda kando au nyuma sawa na asilimia 50. Kwa kwadi yako hiyo ni kama kilo 216 mbele pale unapokanyaga breki kwa sababu mbuzi wameingia barabarani, na kilo 135 kando unapokwepa. Hakuna mtu anayeshikilia kilo 216 kwa mikono akiwa amechuchumaa kwenye bodi. Atakachofanya ni kuwa wa kwanza kuangukiwa. Nimeona madereva wenye akili zao wakisema "yupo utingo nyuma" kana kwamba utingo ni kifaa cha kufungia. Akae ndani, kwenye kiti, na mkanda wake.

Kabla ya kununua kitu chochote, chukua futi ya fundi upime. Bodi la Hilux ya milango minne lina urefu wa kama mita moja na nusu, na nafasi kati ya matao ya magurudumu ni kama mita 1.1. Kwadi za kazi za injini kubwa zina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita mbili na zaidi. Hizo hazikai kwenye bodi hili hata kwa maombi, zinataka Land Cruiser ya kabini moja, au Kenta, au tela. Yako imepita kwa kusugua, kwa hiyo ni ya umbo la kati, na kusugua huko kuna faida: matao yanaizuia isitambae kando. Hakikisha tu kwamba tairi linagusa tao kwa ubavu, halijalipanda. Tairi lililopanda tao kidogo litashuka lenyewe njiani, na likishuka, kila ulichokaza kitalegea kwa pamoja.

Kuna watakaokushauri utumie kirikuu, kwa kuwa bodi lake ni refu kuliko la Hilux yako na kwadi itaingia vizuri. Ni kweli itaingia. Lakini vile vigari vya Kijapani vimepewa uwezo wa kilo 350, ubavu wa bodi lake ni bati jepesi, na gari lenyewe ni jembamba. Kwadi ikikaa juu pale, upepo wa pembeni wa huku kwetu na kona moja vinatosha kukuogopesha. Kwa Kisasa hadi Nane Nane, sawa. Kwa kilomita kama 160 za kwenda Kondoa, hapana.

Kuhusu mlango wa nyuma, jibu langu si la ndiyo wala hapana. Tufanye hesabu. Kwadi ya umbo la yako ina kama mita 1.25 kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, na matairi ya kipenyo cha kama sentimita 60. Tairi la mbele likigusa ukuta wa mbele wa bodi, katikati ya gurudumu la nyuma inaangukia kama mita 1.55, yaani sentimita chache tu kupita bawaba za mlango. Uzito unaokaa pale si wa kubeza, karibu nusu ya kwadi, kilo 130 hivi, na kwenye tuta unaongezeka mara kadhaa kwa nukta moja. Mlango unashikiliwa na bawaba mbili ndogo na waya mbili. Haukutengenezwa kwa kazi hiyo, ingawa utabeba kwa muda, na ndiyo maana watu wanajidanganya nao.

Tiba yake ni rahisi na haihitaji kuchomelea kitu. Tafuta mbao mbili nene za inchi mbili, pana kuliko tairi, urefu wa mita mbili. Zilaze kutoka ukuta wa mbele wa bodi hadi juu ya mlango, kila moja kwenye njia ya matairi ya upande mmoja, ili tairi la mbele na la nyuma vikanyage mbao ileile. Sasa tairi la nyuma likisukuma chini sentimita tano au kumi nje ya ukingo wa sakafu, mbao inataka kuinuka kwa mbele, lakini mbele imekaliwa na tairi lingine lenye kilo 65 zake na nafasi kubwa ya kukandamiza. Uzito unaishia kwenye ukingo wa sakafu ya bodi, na mlango unabaki kupumzika tu. Toboa mbao karibu na ncha zake za mbele uzifunge kwenye pete za bodi, zisije zikateleza kurudi nyuma. Mbao zisiwe za msonobari laini wenye vifundo. Mninga ni ghali kwa kazi hii, ila mbao yoyote ngumu isiyo na ufa itafaa. Ukipima ukakuta tairi la nyuma linakaa zaidi ya hizo sentimita kumi kupita bawaba, achana na mbao, tafuta gari lingine.

Ukuta wa mbele wa bodi nao ni bati. Weka mbao nyingine ya kukingama pale, upana mzima, ili kilo zile 216 za breki zisambae na zisikusanyike kwenye sehemu mbili za matairi na kukuachia mabonde mgongoni mwa kabini.

Mlango ukiwa wazi unaficha pleti namba kwa anayekutazama kwa nyuma kutoka juu, na unaweza kuficha sehemu ya taa. Kagua hilo ukiwa umesimama mita kumi nyuma ya gari. Funga kitambaa chekundu kwenye ncha ya kinachochomoza, na safari ifanyike mchana. Trafiki akikusimamisha atauliza hayohayo: mzigo umefungwaje, umechomoza kiasi gani, namba inaonekana. Mjibu kwa kumwonyesha, siyo kwa maneno.

Kupakia ndiko kunakoumiza watu zaidi kuliko safari yenyewe, kwa hiyo hapa niruhusu nikae kidogo. Bodi la Hilux inayosukumwa na magurudumu yote manne liko juu kama sentimita 85. Ukitumia mbao za kupandishia zenye mita 1.8, mteremko unakuwa nyuzi 28; kwa mita 2.4 unashuka hadi kama nyuzi 21. Tofauti hiyo unaisikia: kwa nyuzi 28 kwadi inanyanyua pua na kutaka kukugeukia. Lakini njia bora ni kushusha gari. Tafuta mahali penye ukingo wa udongo, kando ya shamba au kwenye kiwanja kilichochimbwa, rudisha pikapu kinyumenyume mpaka mlango ukaribiane na ukingo. Dodoma hii ya viwanja vipya kila upande hukosi kifusi cha mchanga. Ukipata hata nusu mita ya msaada, kazi inakuwa ya watoto.

Ajali yenyewe huwa hivi. Matairi ya mbele yameshapanda, ya nyuma yako kwenye mbao za kupandishia na yanasukuma kwa nguvu ya injini. Kadiri yanavyosukuma kwadi mbele, ndivyo yanavyosukuma mbao nyuma. Mbao zinateleza kutoka kwenye ukingo wa mlango, kwadi inaanguka kwa nyuma, na aliyeikalia yuko chini yake. Kwa hiyo mbao hizo nazo hufungwa, kwa belti, kutoka kwenye mbao hadi kwenye chesesi ya pikapu au ndoano ya kuvutia, na ikazwe mpaka mbao zisiweze hata kutikisika. Pikapu iwe kwenye gia, hendibreki juu, magurudumu yamewekewa mawe.

Usiipandishe ukiwa umekaa juu yake. Najua vijana wanapenda, na najua wengi wanafanikiwa. Anayeshindwa huishia na usukani kifuani au kichwa kwenye kioo cha nyuma cha kabini, kwa sababu ukishafika juu unatakiwa kusimama ndani ya mita moja na nusu. Kama bosi ana winchi ya mkono, ifunge kwenye fremu ya mbele ya bodi uivute polepole. Kama hana, wanaume wanne: wawili mbele wakivuta kwa kamba, mmoja kila upande akisukuma kwa bega, injini imezimwa, gia huru. Mtu wa tano anafuata kando na kipande cha mbao, anakiweka nyuma ya tairi la nyuma kama kigingi kila baada ya hatua. Nyuma moja kwa moja, katikati ya njia yake, asisimame mtu hata sekunde moja.

Ikishakaa, iweke hendibreki na gia. Angalia lakini: nyingi za kwadi za kazi hazina klachi ya mkono, zinaendeshwa kwa belti ya ndani. Hizo ukizima injini ukaacha kwenye gia ya kwenda, gurudumu bado linazunguka, kwa sababu belti haishiki mpaka injini iongeze mzunguko. Kwa hizo weka gia kwenye alama ya P, ya kuegesha. Funga koki ya petroli kama ipo. Subiri egzosti ipoe pia kabla ya kupitisha belti yoyote karibu nayo; uzi wa poliesta hauvumilii joto la egzosti, na utaungua upande usiouona.

Belti za kufungia zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya malori. Nunua zile za racheti, zenye mkono wa chuma wa kukazia, upana wa sentimita tatu na nusu au tano. Tazama kitambulisho kilichoshonwa juu yake. Kikiwa cha bluu ni poliesta, na ndiyo unayoitaka: haivutiki sana na mvua haiilegezi. Cha kijani ni nailoni, inavutika zaidi, hasa ikilowa. Cha kahawia ni polipropilini. Jua la Dodoma litaila upesi. Kisha tafuta herufi LC na namba yenye daN. Daeni moja ni karibu sawa na uzito wa kilo moja, na hiyo ndiyo nguvu belti inayoruhusiwa kubeba ikiwa imenyooka. Usidanganyike na namba kubwa iliyoandikwa kwenye pakiti. Mara nyingi ni ile inayokatia belti, ambayo ni mara mbili au tatu ya uwezo wake wa kazi. Kanuni yangu ni nyepesi: kila belti, peke yake, iweze kubeba kwadi nzima. Kwa kilo 270 chukua za LC 500 na kuendelea. Isiyo na kitambulisho kabisa muachie muuzaji. Kulabu ziwe na ulimi wa kufunga, maana umeshaona kinachotokea kwenye tuta.

Kuhusu pete za kufungia: zile ndoano ndogo za nje ya ubavu wa bodi ni za turubai. Zimeshikwa kwenye bati, na kwa mvuto wa kukaza zitapinda. Tumia pete za ndani. Kama gari lako halina, au zimelegea, mwone fundi mzuri akutobolee pembe nne za sakafu na kuweka pete za chuma kwa boliti za spana 19, na chini yake kipande cha bamba nene ukubwa wa kiganja badala ya washa tupu. Asichomelee pete kwenye bati la bodi. Bati litachanika kuizunguka.

Kufunga sasa. Kuna njia mbili, na watu hubishana. Moja ni kushika mwili wa kwadi na kukandamiza springi zake mpaka zisiwe na nafasi ya kucheza. Nyingine ni kushika magurudumu yenyewe na kuacha mwili uchezecheze juu yake. Kwa lami iliyonyooka zote zinafaa. Kwa barabara yetu, ambayo tangu lami ya Dodoma hadi Babati izinduliwe 2018 kila kijiji kimepata matuta yake na rasta zake, na ukiacha lami baada ya Kondoa mjini unaingia kwenye michanga na makorongo, mimi nashika magurudumu. Springi ikizama, belti haijui.

Belti mbili za mbele zishike mkono wa chini wa kila gurudumu, yaani chuma kinachounganisha gurudumu na fremu, karibu kabisa na habu, kitovu cha gurudumu, zishuke hadi pete za pembe za mbele. Tumia kitanzi laini cha kitambaa kuzunguka mkono ule, kisha kulabu ishike kitanzi. Kulabu ya chuma moja kwa moja itakwangua na kuteleza. Chunga usije ukakamata tairodi, ambayo ni fimbo nyembamba ya usukani iliyo jirani yake, wala mpira wa breki. Ukikaza juu ya tairodi utafika Kondoa na kwadi inayokwenda upande. Nyuma fanya vivyo hivyo, kwenye mikono ya chini, au kama kwadi ina ekseli moja ngumu, kwenye bomba linaloibeba, mbali na diski na mnyororo, hadi pete za pembe za nyuma.

Hizo nne zinavuta chini. Kwa kuwa nafasi ni finyu, zimesimama karibu wima, na belti iliyosimama wima inashika vizuri kwenda juu lakini vibaya kwenda nyuma. Kwa hiyo weka ya tano, ndefu: ianze pete ya mbele kushoto, ipite chini ya kwadi ndani ya magurudumu, izunguke kishikio cha tela kilicho nyuma ya kwadi, irudi hadi pete ya mbele kulia. Hii inaivuta kwadi iegemee ile mbao ya kukingama mbele, na ndiyo itakayofanya kazi unapopanda mlima au kung'oka kwenye mchanga.

Kaza kwa zamu, kidogo kidogo, kona kwa kona, usimalize moja kwanza. Belti iwe imezunguka kijiti cha katikati ya racheti mara mbili, isizidi tatu. Ikijaa sana inabana mkono usifunge. Kaza kwa mkono wako tu, usiongeze bomba. Belti inapogusa ukingo wa chuma, weka kipande cha tairi kuukuu katikati. Belti ndefu ipige msokoto mmoja wa nusu, maana belti iliyonyooka kwenye upepo huimba, na inapoimba inajisugua na kulegea. Ncha zilizobaki uzikunje na kuzifunga; ncha inayopepea ndiyo inayonaswa na gurudumu.

Halafu shika keria ya kwadi utikise kwa nguvu zako zote. Mwili utayumba juu ya springi, usishtuke, ndivyo tulivyotaka. Unachotazama ni matairi yake juu ya mbao. Yasisogee. Gari zima la pikapu likitikisika pamoja nayo, umefunga.

Pikapu yenyewe nayo ina haki zake. Soma uwezo wake wa mzigo kwenye kitabu, toa uzito wa abiria, bamba za chuma ulizoongeza na madumu. Kilo 270 peke yake si tatizo kwa Hilux. Matairi ya nyuma yajazwe upepo wa mzigo kama ilivyoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwa kuwa uzito umesogea nyuma, utasikia usukani umekuwa mwepesi kidogo, na breki inataka nafasi zaidi.

Simama mara ya kwanza pale Veyula au Makutupora, mapema tu. Matairi ya kwadi yana upepo mdogo sana, kama psi tano hadi saba, yanabonyea yakishakazwa na kutikiswa, na belti zinapata ulegevu wa kwanza hapo. Kaza. Haneti simama tena, na Chemba. Kwenye vibao vya 50 shuka hadi 50 kweli, na tuta livuke kwa gia ya kwanza, magurudumu yote mawili kwa pamoja. Madereva wanaolikata tuta kwa mshazari ili wasipoteze mwendo wanalitupa bodi kando, na kando ndiko ufungaji wako una uwezo mdogo zaidi.

Ukishaacha lami kwenda shambani, simama palepale kwenye njia panda, ukague kabla ya kuingia, siyo baada. Ukikuta korongo lenye kingo kali, bora ushushe kwadi hapo na kijana aiendeshe kilomita zilizobaki, na kofia ngumu kichwani. Ndiyo kazi iliyonunuliwa kufanya.

Kushusha, gari liwe kwenye tambarare, mawe kwenye magurudumu, mbao za kushukia zimefungwa kama mwanzo. Fungua belti ndefu kwanza, kisha za nyuma, za mbele mwisho, ukiwa umesimama kando, kwa sababu belti iliyokazwa ikiachiwa mkono wa racheti hurudi kwa kasi. Hendibreki ya kwadi ibaki juu mpaka watu wote wameshika. Ishuke kinyumenyume, injini imezimwa, mmoja akidhibiti breki ya mkono akiwa kando na wawili wakishikilia kamba iliyofungwa mbele yake.

Ile ndogo, kwa safari ya pili, inaingia kwenye bodi lako na mlango ukafungwa. Belti nne zilezile zinatosha. Ila usizikaze kwa nguvu uliyotumia kwa kubwa, mikono ya magurudumu yake ni myembamba na itapinda.